Mafiga Hutegemeana: Umeme, Maji, Barabara na Simu



Tazama jiko la mafiga. Mafiga ni matatu. Ukiondoa moja, chungu kinaanguka. Mafiga mawili yaliyobaki hayakuvunjika. Bado ni mazima. Lakini chungu kimeanguka na mchuzi umemwagika. Ndiyo maana wazee walisema: Jifya moja haliinjiki chungu.

Somo letu ni juu ya mafiga makubwa zaidi. Ni umeme, maji, barabara, simu na mafuta. Wataalamu huviita vitu hivi miundombinu. Maana yake ni vitu vilivyojengwa ili huduma nyingine zisimame juu yake. Tutajifunza jinsi vinavyotegemeana. Kisha tutajifunza kuchora kutegemeana huko, ili kijiji kijue mahali pa kuweka akiba kabla ya siku ya shida.

1. Huduma haisimami peke yake

Siku hizi vijiji vingi vina huduma ambazo zamani hazikuwapo. Kuna maji ya bomba. Kuna umeme. Kuna zahanati. Kuna mnara wa simu. Kuna mashine ya kusaga. Kila huduma ina jina lake, ofisi yake na fundi wake. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba kila moja inasimama peke yake.

Sivyo. Chukua ndoo moja ya maji ya bomba. Maji hayo yametoka wapi? Yametoka kwenye tangi. Nani aliyapandisha kwenye tangi? Ni pampu. Pampu inaendeshwa na nini? Na umeme. Umeme umepita wapi? Umepita katika nyaya zilizofungwa juu ya nguzo. Nguzo ikianguka, nani huiinua? Fundi. Fundi huitwa kwa simu. Huja kwa gari. Gari linataka mafuta. Linataka barabara pia, na barabara inapita juu ya daraja.

Umeona? Uliuliza habari za maji, ukafika kwenye daraja. Daraja halina hata tone moja la maji ya kunywa. Lakini likivunjika, siku chache baadaye bomba linaweza kukauka.

2. Yaliyotokea Unguja

Huu si mfano wa kubuni. Ulitokea kwetu, katika kisiwa cha Unguja.

Unguja hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara. Umeme huo hupita katika waya mnene uliolazwa chini ya bahari. Waya unatoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, na unafika Fumba, Unguja. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980.

Tarehe 21 Mei, 2008 njia hiyo ya umeme iliharibika. Unguja nzima ikakosa umeme. Umeme ulirudi tarehe 18 Juni, 2008. Hesabu mwenyewe. Ni siku 28, yaani wiki nne. Watu walishukuru, wakaendelea na kazi zao. Lakini Desemba 2009 njia ile iliharibika tena. Safari hii umeme ulirudi Machi 2010. Ilikuwa karibu miezi mitatu.

Kilichoharibika kilikuwa kitu kimoja tu. Hebu tuhesabu vilivyoathirika.

Kwanza ni maji. Unguja haina mito mikubwa. Maji mengi hutoka chini ya ardhi, katika visima na chemchemi. Pampu za umeme huyasukuma mpaka majumbani. Pampu zikisimama, mabomba hukauka. Watu wakahangaika na ndoo na madumu.

Pili ni chakula. Samaki hutaka barafu. Barafu hutaka umeme. Mvuvi akivua samaki wengi bila barafu, lazima awauze siku ileile kwa bei yoyote, au waoze.

Tatu ni kazi. Fundi wa kuchomelea vyuma, mshonaji mwenye cherehani ya umeme na muuza vinywaji baridi, wote hutegemea umeme. Umeme usipokuwapo, kazi hupungua. Kazi ikipungua, na pesa ya nyumbani hupungua.

Nne ni mafuta. Wenye uwezo waliwasha jenereta. Jenereta hula mafuta kila saa, na mafuta huletwa kisiwani kwa meli. Aliyekuwa na pesa alipata mwanga. Asiyekuwa nazo alibaki na kibatari.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Mtafiti wa uchumi aitwaye Alfredo Burlando alichunguza uzito wa watoto waliozaliwa Unguja kabla na baada ya giza la mwaka 2008. Aliona kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati ule walizaliwa na uzito mdogo zaidi kwa wastani. Kwa nini? Maelezo yake ni kwamba vipato vya nyumba vilipungua katika wiki zile. Mama mjamzito katika nyumba yenye pesa kidogo hula kidogo.

Fikiri juu ya mnyororo huo. Mwanzo wake ni njia ya umeme iliyoharibika. Mwisho wake ni mtoto mchanga kwenye mizani. Mtoto huyo hakuwa amezaliwa umeme ulipokatika. Wazazi wake huenda hata hawakuwa na taa ya umeme nyumbani. Lakini mnyororo uliwafikia.

3. Aina nne za kutegemeana

Mwaka 2001 wataalamu watatu huko Marekani, Rinaldi, Peerenboom na Kelly, waliandika kwamba miundombinu hutegemeana kwa namna nne. Tuzieleze kwa maneno yetu.

Namna ya kwanza ni kutegemeana kwa kitu. Huduma moja hutengeneza kitu, nyingine hukitumia. Umeme huendesha pampu. Mafuta huendesha gari. Namna hii huonekana kwa macho.

Namna ya pili ni kutegemeana kwa habari. Huduma moja haiwezi kufanya kazi bila kupata taarifa. Mfano mkubwa ni wa tarehe 14 Agosti, 2003. Siku hiyo watu kama milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Mwanzo wake ulikuwa katika jimbo la Ohio. Nyaya za umeme zililegea zikagusa miti. Jambo hilo hutokea, na mafundi wanajua la kufanya. Lakini siku hiyo kompyuta iliyopaswa kuwapa onyo ilikuwa imeharibika. Mafundi walikaa mbele ya mitambo yao bila kujua kwamba hatari inakua. Walikosa habari. Umeme ukazimika katika majimbo kadhaa. Katika mji wa Cleveland pampu za maji zilisimama, na mitaa mingi ikakosa maji.

Namna ya tatu ni kutegemeana kwa mahali. Vitu viwili havipeani chochote, lakini vimekaa pamoja. Bomba la maji limefungwa ubavuni mwa daraja. Nguzo ya umeme imesimama ukingoni mwa mto huohuo. Mafuriko yakija, huchukua vyote mara moja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa pwani ya kusini ya Tanzania. Barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ilikatika huko Somanga. Magari yalikwama. Barabara moja ikikatika hivyo, abiria, chakula, mafuta na dawa hukwama pamoja.

Namna ya nne ni kutegemeana kwa maamuzi ya watu. Hapa hakuna waya wala bomba. Watu husikia kwamba umeme umekatika. Wote hukimbilia mafuta ya taa na mishumaa siku moja. Bei hupanda na duka huishiwa. Duka halikuharibika. Limeishiwa kwa sababu ya hofu ya watu.

Kumbuka namna hizi nne: kitu, habari, mahali na maamuzi. Tutazitumia tunapochora.

4. Mnyororo unaweza kuwa duara

Mara nyingine mnyororo haunyooki. Huzunguka na kurudi ulikoanzia.

Maji mengi ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu. Husafishwa, kisha husukumwa kwa pampu za umeme hadi mjini. Basi maji hayo yanategemea umeme. Je, umeme unatoka wapi? Sehemu kubwa hutoka kwenye mabwawa, kama Mtera na Kidatu. Huko maji ya mto huzungusha mitambo. Basi umeme nao unategemea maji.

Mwaka 2006 ukame ulipunguza sana maji katika mabwawa. Umeme ukatolewa kwa zamu. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kukosa maji ya bomba kwa sababu mbili za ukame mmoja. Maji yamepungua mtoni, na umeme wa pampu umepungua pia. Leo kuna umeme wa gesi ya Songosongo, ulioanza kutolewa mwaka 2004. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji nalo lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Njia zimeongezeka. Hata hivyo duara la maji na umeme bado lipo.

Duara jingine liko karibu nasi. Jenereta inataka mafuta. Pampu ya kituo cha mafuta inataka umeme. Umeme ukikatika, unakwenda kununua mafuta ya jenereta, na unakuta kituo nacho hakina umeme. Mlango umefungwa, na ufunguo uko ndani.

Duara ni hatari kuliko mnyororo. Katika mnyororo unaweza kurudi mwanzo ukatengeneza. Katika duara kila mmoja anamngoja mwenzake. Lazima mtu aanze na akiba iliyo nje ya duara.

5. Chora kielelezo cha kijiji chako

Kielelezo ni mfano mdogo wa jambo kubwa. Wataalamu hutumia kompyuta kutengeneza vielelezo vya nchi nzima. Lakini mwanzo wa kazi yao ni uleule tunaoweza kuufanya chini ya mwembe. Mnahitaji mawe, kijiti, karatasi na kalamu.

Hatua ya kwanza. Andikeni majina ya huduma zote za kijiji. Kila huduma ipate jiwe lake. Msisahau watu. Fundi ni jiwe. Muuguzi ni jiwe.

Hatua ya pili. Pangeni mawe juu ya mchanga. Chukueni kijiti mchore mishale. Mshale unatoka kwa anayetoa na kwenda kwa anayepokea. Umeme unaipa nguvu pampu. Basi mshale unatoka kwenye umeme kwenda kwenye pampu. Kila jiwe liulizwe swali moja: Unahitaji nini ili ufanye kazi kesho?

Hatua ya tatu. Zungusheni duara kwenye vitu vilivyo mahali pamoja. Daraja na nguzo zilizo kando yake viingie katika duara moja.

Hatua ya nne. Andikeni akiba ya kila huduma. Itaishi siku ngapi bila msaada? Hapa ndipo hesabu zetu zinapofaa. Tuseme kijiji kina watu 500. Kila mtu anatumia lita 20 za maji kwa siku. Zidisha: 500 mara 20 ni lita 10,000. Tangi linachukua lita 20,000. Gawanya: 20,000 kwa 10,000 ni 2. Akiba ya maji ni siku mbili, kama tangi lilikuwa limejaa.

Tuseme mmemaliza, na karatasi yenu inasomeka hivi:

Mashine ya kusaga. Inahitaji umeme. Akiba: hakuna.
Jokofu la chanjo. Linahitaji umeme. Akiba: siku 1, mlango usipofunguliwa.
Maji ya bomba. Yanahitaji umeme wa pampu. Akiba: siku 2.
Mnara wa simu. Unahitaji umeme. Akiba: betri na jenereta yenye mafuta ya siku 3.
Mafuta. Yanahitaji barabara na daraja.
Fundi wa umeme. Anahitaji simu ya kumwita, na daraja la kupita.
Zahanati. Inahitaji maji, umeme, simu na barabara.

Idadi za siku hizi ni za mfano tu. Za kwenu mtaziuliza kwa muuguzi, kwa kamati ya maji na kwa mtunza mnara.

6. Ondoa jiwe moja

Sasa kielelezo kinaanza kufanya kazi. Ondoeni jiwe moja, halafu fuateni mishale. Tuseme Jumatatu alfajiri imenyesha mvua kubwa. Mto umefurika. Daraja limebomoka, na nguzo mbili zilizokuwa kando yake zimeanguka. Mawe mawili yameondoka pamoja, kwa sababu yalikuwa mahali pamoja.

Jumatatu. Mashine ya kusaga imesimama. Watu wengi wana unga nyumbani. Wanasema, tunaweza kungoja.

Jumanne. Jokofu la zahanati limemaliza ubaridi wake. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Zikipata joto kupita kiasi huharibika, na mtu hawezi kuona kwa macho kwamba zimeharibika. Muuguzi anataka kuzipeleka zahanati ya jirani katika kasha la baridi. Zahanati hiyo iko ng'ambo ya mto.

Jumatano. Tangi ni tupu. Kina mama na watoto wanachota maji mtoni, na mto umejaa matope na uchafu wa mafuriko. Hapo kuhara kunaweza kuanza. Kipindupindu nacho hupita njia hiyo. Zahanati nayo haina maji ya kunawa mikono. Mama akija kujifungua usiku, muuguzi atampokea bila maji na bila taa.

Alhamisi. Mnara umeishiwa mafuta. Simu zimekufa. Fundi hawezi kuitwa. Gari la wagonjwa haliwezi kuitwa. Pesa iliyo ndani ya simu haiwezi kutoka. Hata mwenye pesa amekuwa maskini kwa siku hiyo.

Tazama tena. Waliosema Jumatatu kwamba tunaweza kungoja hawakusema uongo. Walitazama jiwe moja tu, jiwe la unga. Kielelezo kinaonyesha kwamba saa zilikuwa zinahesabiwa. Taarifa ya nguzo ilitakiwa kutolewa Jumatatu ileile, simu zikiwa hai. Chanjo zilitakiwa kushughulikiwa siku ileile, jokofu likiwa baridi. Maji yalitakiwa kupimwa kwa ndoo tangu siku ya kwanza. Kama kila mtu angetumia lita 10 badala ya 20, tangi lingefika siku nne badala ya mbili.

Rudisheni mawe. Ondoeni jiwe jingine. Kisha jingine. Kila mara hesabuni yanayoanguka. Jiwe linaloangusha mengi ndilo nguzo ya kijiji. Mara nyingi mtakuta si lile mlilolidhani.

7. Akiba inayopita njia ileile si akiba

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Watu wengi husema: tuna akiba, hatuna hofu. Lakini lazima akiba yenyewe iulizwe: Na wewe unategemea nini?

Tarehe 12 Mei, 2024 intaneti ilidhoofika sana Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine. Intaneti nyingi huletwa kwetu na nyaya zilizolazwa baharini. Siku hiyo nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja. Zilikuwa mbili, si moja. Lakini zote mbili zilikuwa zimepita katika bahari ileile, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nyaya mbili zikipita mahali pamoja, ajali moja inaweza kuzigusa zote.

Turudi Unguja. Baada ya shida ya mwaka 2010, ulilazwa waya mpya mkubwa zaidi kwa msaada wa serikali ya Marekani. Ulizinduliwa mwaka 2013. Unaweza kupitisha megawati 100, na ule wa zamani ulikuwa wa megawati 45. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo waya mpya nao unatoka Ras Kiromoni kwenda Fumba, na umeme wake unatoka Bara vilevile. Waya umeongezeka. Chanzo ni kilekile. Gridi ya Bara ikipata hitilafu, Unguja nayo huwa mashakani.

Sasa turudi kijijini. Tuseme kijiji kina pesa ya kununua kitu kimoja tu. Mkutano unapendekeza vitu vitatu.

Wengine wanataka jenereta. Jenereta ina nguvu. Itaendesha pampu na jokofu. Lakini fuata mshale. Jenereta inataka mafuta, na mafuta yanapita juu ya daraja lilelile. Daraja likibomoka, jenereta itafanya kazi mpaka dumu la mafuta liishe. Basi jenereta bila ghala la mafuta ni akiba ya siku chache.

Wengine wanataka tangi la pili la lita 20,000. Fuata mshale. Tangi likishajaa halitegemei umeme wala daraja. Maji hushuka yenyewe. Akiba ya maji inatoka siku mbili na kuwa siku nne. Lakini tangi halitapoza chanjo.

Wengine wanataka jokofu la zahanati linalotumia umeme wa jua. Fuata mshale. Jua halipiti darajani. Chanjo zitabaki baridi hata nguzo zikianguka. Lakini jokofu halitajaza ndoo ya mtu. Tena litahitaji kutunzwa, na fundi wa kulitengeneza yuko ng'ambo.

Kitabu hiki hakiwezi kuwachagulia. Kijiji chenye kisima kizuri cha pampu ya mkono kinaweza kuanza na jokofu. Kijiji ambacho maji yake mengine ni ya mto tu kinaweza kuanza na tangi. Lakini sasa mkutano hauchagui kwa kufuata sauti kubwa. Unachagua kwa kufuata mishale.

Na jambo moja halina gharama kubwa. Vijiji vingi vilikuwa na pampu ya mkono kabla ya kupata bomba. Bomba lilipokuja, pampu ilisahauliwa. Nyingine ziling'olewa. Kama yenu bado ipo, msiing'oe. Itengenezeni, na muitumie mara kwa mara ili isishike kutu. Haitegemei umeme, mafuta wala daraja. Inategemea mkono wa mtu na vipuri vichache. Hivyo vipuri vinunuliwe sasa, barabara ikiwa nzima.

8. Mambo ya kuangalia

Kielelezo si utabiri. Hakitakuambia siku ya mafuriko. Kitakuambia nini kitafuata nini, mafuriko yakija.

Kielelezo cha zamani kinaweza kudanganya. Duka jipya la mafuta likifunguliwa, mishale hubadilika. Betri ya mnara ikizeeka, siku tatu huwa moja. Chora upya kila mwaka, kabla ya masika.

Usichore na viongozi peke yao. Mwenyekiti anajua habari za barabara. Lakini anayejua bomba hutoka saa ngapi ni mama anayechota. Anayejua jokofu ni muuguzi. Anayejua daraja linatikisika ni dereva wa bodaboda. Kila mmoja ana mshale wake, na ukikosekana mmoja kielelezo kina tundu.

Mwisho, andikeni namba za simu za fundi wa umeme, hospitali na ofisi ya wilaya katika karatasi. Zibandikeni ukutani. Simu ikizimika, na namba zilizo ndani yake hazionekani. Sasa mnajua kusoma na kuandika. Karatasi haihitaji umeme.

Maswali ya kujadili

1. Kijijini kwenu, ni huduma gani ikisimama itasimamisha huduma nyingi zaidi?
2. Tangi lenu la maji linachukua lita ngapi? Gawanyeni kwa matumizi ya siku moja. Mmepata siku ngapi?
3. Tajeni vitu viwili vya kijiji chenu ambavyo havipeani chochote, lakini vinaweza kuharibiwa na mafuriko siku moja.
4. Kwa nini waya wa pili wa kwenda Unguja haukuondoa hatari yote?
5. Jenereta ya zahanati au ya mnara wenu hupata mafuta wapi? Mafuta hayo hupita njia gani?
6. Umeme ukikatika leo jioni, nani atatoa taarifa, kwa nani, na kabla ya saa ngapi?

Maneno ya kukumbuka

Miundombinu: vitu vilivyojengwa ambavyo huduma nyingine husimama juu yake, kama barabara, umeme na mabomba.
Kielelezo: mfano mdogo wa jambo kubwa, unaosaidia kuona jinsi linavyofanya kazi.
Gridi: mtandao wa nyaya unaounganisha mitambo ya umeme na watumiaji.
Akiba: kitu kilichowekwa ili kitumike cha kwanza kikikosekana.
Duara: mahali ambapo huduma mbili au zaidi zinangojana.

Kazi ya nyumbani: Kabla ya kipindi kijacho, fuata ndoo moja ya maji ya nyumbani kwako mpaka mwanzo wake. Andika kila kitu na kila mtu uliyemkuta njiani. Njoo na karatasi yako. Tutaunganisha karatasi zote ziwe kielelezo kimoja cha kijiji.